Fundi wa programu apimwe kwa kazi, si kwa bei

BIASHARA ya programu za kompyuta imekwisha kutoka katikati ya jiji na kufika Tandika, Mbagala, Mwenge na Tegeta. Mwenye duka la jumla anataka kompyuta imwambie mzigo uliobaki stoo na nani anadaiwa. Vijana wa kumtengenezea programu hiyo wapo. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana kipimo cha kumtofautisha aliyeiva na anayejifunza. Matokeo yake, mwenye bei ya chini ndiye hupewa kazi.

Fani nyingine zina vipimo vinavyofahamika. Kwa miaka mingi fundi umeme na makanika walifanya majaribio ya ufundi, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mhasibu ana mitihani ya NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Lakini mtengeneza programu anaweza kuwa na shahada nzuri bila kuwahi kuhudumia hata duka moja.

Taifa limewahi kulipia gharama ya upungufu wa ujuzi. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za Serikali uliposhindwa kufanya kazi, mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Lawama ilibebwa na mashine, ilhali wataalamu wa kuiendesha walikuwa wachache mno. Mfanyabiashara anayerudi kwenye daftari baada ya kuharibiwa kazi mara moja anarudia uamuzi ule ule.

Wakati umefika wafanyabiashara wajiwekee madaraja yao. Daraja la tatu ni fundi anayeweza kutengeneza programu ikafanya kazi siku ya kukabidhiwa. La pili ni anayeweza kurekebisha programu iliyotengenezwa na mwingine, na ambaye umeme ukikatika katikati ya mauzo, hesabu haipotei. La kwanza ni anayeuliza kwanza duka linaendeshwaje, anayethubutu kumwambia mteja kitu asichokihitaji, na anayeacha maelezo ya maandishi ili fundi mwingine aweze kuendelea.

Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu. Mwisho wa mwezi, mzigo uhesabiwe kwa mkono na ulinganishwe na kompyuta. Mauzo nayo yalinganishwe na risiti za mashine ya EFD. Sehemu ya malipo isubiri hesabu hizo zikubaliane.

Aidha, fundi huyo alipwe kiasi kidogo kila mwezi kwa matunzo. Fundi hukua kwa kurudi kwenye makosa yake mwenyewe. Anayelipwa mara moja tena kwa bei ya kutupa hukimbilia mteja mwingine, na miaka mitano baadaye bado yuko daraja la tatu.

Mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji na kampuni ya vijana hawa asishangazwe na idadi ya programu walizokwisha uza. Aulize ni wateja wangapi bado wanalipia matunzo katika mwaka wa pili.