Pepa: Kununua mega si kununua mwendo wa intaneti

Mfugaji wa Pepa, kwenye milima ya Marungu jimboni Tanganyika, anapotaka kutuma picha ya ng'ombe mgonjwa kwa daktari wa mifugo aliye Kalemie, hununua mega. Lakini mega ni kipimo cha kiasi, kama lita za mafuta. Hazisemi picha itafika baada ya dakika ngapi.

Mwendo hupimwa kwa biti kwa sekunde. Hapo wengi huchanganya: "Mb" ni megabiti, "Mo" inayoonekana kwenye simu zenye lugha ya Kifaransa ni megaokteti, na okteti 1 ni biti 8. Mtandao wa kilobiti 200 kwa sekunde hupitisha kilookteti 25 tu. Picha ya Mo 3 itachukua dakika 2. Kwa megabiti 8, ni sekunde 3.

Mteja hulipia mega zile zile, mwendo uwe mkubwa au mdogo. Kufuatilia ubora wa mitandao nchini ni kazi ya ARPTC. Raia anayejua kutofautisha biti na okteti ataweza kulalamika kwa tarakimu, si kusema tu "rezo ni mubaya".