Ukoma Hauli Vidole

Imani kwamba ukoma hula nyama mpaka vidole vidondoke ingali inasikika hadi kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Ni uongo, na uongo huo umewapotezea watu mikono. Aliyeubomoa ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyezaliwa India mwaka 1914.

Baada ya kuanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, Brand aliona kuwa kidonda kwenye kidole cha mgonjwa hupona kama cha mtu mwingine yeyote kikitunzwa. Kinachokufa ni mishipa ya fahamu. Bakteria wa ukoma hushambulia mishipa iliyo karibu na ngozi, kama ule wa nyuma ya kiwiko. Vidole hujikunja na ganzi huingia. Mchumaji chai mwenye mkono huo hubeba sufuria ya moto asihisi, huchomwa na kijiti cha mchai akaendelea kuchuma. Kidonda huoza, usaha hufika mfupani, kidole hufupika. Huko Vellore vidole vingine vilitafunwa na panya usiku, mwenyewe amelala fofofo. Wagonjwa wakapewa paka.

Kwa mikono iliyojikunja, Brand alichukua kano ya msuli ulio hai, akaiunga ili irefuke, akaigawa sehemu nne, kisha akaishona vidoleni. Baada ya mazoezi mgonjwa aliweza tena kufungua na kufumba mkono. Kwa mkulima mdogo anayechuma majani mawili na chipukizi kwa ncha za vidole, hiyo ni riziki iliyorudi. Hisia, hata hivyo, hazirudi, kwa hiyo mikono na nyayo hukaguliwa kila siku.

Mguu wa mgonjwa wa kisukari huharibika kwa njia iyo hiyo: ganzi, kidonda kisichouma, kisha msumeno. Huyo huonewa huruma na kutembelewa wodini. Mwenye ukoma hutengwa, ilhali watu wengi mno wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu, na dawa zake, rifampisini, dapsoni na klofazimini, hutolewa bure kwa miezi 6 au 12. Anayejificha kwa kuogopa kutengwa huchelewa kumwonyesha daktari baka la ngozi lisilohisi mguso, dalili ya ukoma, na hapo ndipo mkono unapopotea: mshipa ulioumia kwa muda usiozidi miezi 6 mara nyingi huokolewa kwa prednisoloni, lakini ukipita muda huo ni nadra kupona.