Mgongo wa Mchukuzi na Mikono ya Tabibu

Siku hizi sifa za tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, iitwayo kairopraktiki, zimeenea mno. Wananchi hutazama kwenye simu zao jinsi tabibu anavyomlaza mgonjwa kifudifudi na kuisukuma pingili kwa ghafla, kiungo kikalia, na mgonjwa akainuka akitabasamu. Wengi wa watazamaji hao wana maumivu ya kweli, na mtu mwenye maumivu hushika lolote aliloahidiwa. Ndiyo sababu yafaa jambo hili lielezwe bila ushabiki.

Tiba hiyo ilianzishwa mwaka 1895 katika mji wa Davenport, Marekani, na D. D. Palmer, ambaye kabla ya hapo aliganga watu kwa sumaku. Alidai kwamba maradhi 95 katika kila 100 hutokana na pingili zilizohama mahali pake. Dai hilo halikuwa na msingi wakati ule, wala halina msingi leo. Kweli, Chama cha Madaktari wa Marekani kiliwasusia wafuasi wake, hata mwaka 1987 mahakama ikaamua kwamba ususiaji huo ulivunja sheria za ushindani wa biashara. Lakini hukumu ile ilihusu biashara. Haikuponya mtu kiuno.

Pamoja na hayo, si haki kuitupa tiba yote kwa sababu ya majigambo ya mwasisi wake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Kwa hesabu za Shirika hilo, maumivu ya kiuno yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020. Mwongozo unakubali kwamba kusukuma pingili kwa mikono kunaweza kusaidia, sambamba na mazoezi, kuchua na kumwelimisha mgonjwa. Unakataa mikanda ya kiuno na mitambo ya kuvuta mgongo, vitu ambavyo bado vinauzwa kwa bei kubwa. Ule mlio unaowashangaza watu si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyomo katika ute wa kiungo.

Ipo hatari pia. Mgongo wenye kifua kikuu cha mifupa, saratani au mfupa uliovunjika haufai kusukumwa hata kidogo, na katika nchi ambayo kifua kikuu bado kipo, hilo si jambo la kufikirika tu. Shingo ikikunjwa kwa nguvu, mshipa wa damu waweza kuchanika na kuleta kiharusi, ingawa ni kwa nadra. Mgonjwa anayeishiwa nguvu za miguu, anayekufa ganzi mapajani kwa ndani au kushindwa kuzuia mkojo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipelekwe kwa mnyooshaji, awe na cheti cha Ulaya au awe fundi wa mifupa wa kijijini.

Lakini hata mikono ikiwa hodari, lipo swali ambalo waandishi wa matangazo ya tiba hawaliulizi: mgongo huo uliumia wapi?

Nenda soko lolote kubwa la Dar es Salaam malori ya viazi kutoka Njombe yanapoteremshwa. Utamwona kijana akiinama chini ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kuongezewa kilemba cha kamba. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100. Sheria hiyo ni njema, kwani inamkinga mkulima na mlanguzi. Lakini mgongo wa mchukuzi haumo ndani yake. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza kwamba mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Maana yake, hata gunia halali linakaribia mara mbili ya kiwango hicho!

Kijana huyo akiumia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unategemea michango ya waajiri, naye hulipwa kwa gunia na mtu ambaye kesho hatamwona. Akinyooshwa asubuhi kwa fedha alizokopa, mchana atarudi chini ya gunia lile lile, maana watoto wanataka kula. Tabibu gani atashindana na hilo?

Halmashauri zinazosimamia masoko zaweza kuanza bila kungoja sheria mpya: lori lenye lumbesa lisiteremshwe, na pale ushuru unapotozwa kwa gunia, utozwe kwa kilo, ili gunia kubwa lisiwe na faida. Saruji hufungwa katika mifuko ya kilo 50, na wenye viwanda hawajafilisika kwa sababu hiyo. Viazi vina nini hata visifungwe hivyo?