Alama za Waombaji wa Ufadhili: Je, Zinapima Tunachodhani?

Barua zipelekwazo kila mwaka kwa vijana walioomba ufadhili wa masomo ya uzamili na uzamivu hufanana mno. Aliyekubaliwa hupata kurasa kadhaa za masharti. Aliyekataliwa hupata sentensi moja, kwamba ushindani ulikuwa mkali. Mwandishi wa makala haya ameketi katika kamati za uteuzi mara kadhaa, naye ametia saini orodha zilizozaa barua hizo. Kwa hiyo yasemwayo hapa hayasemwi na mtu wa nje.

Msomaji asiyepata kuiona kazi hiyo yafaa aelezwe jinsi ifanyikavyo. Maombi yaliyopungukiwa na vyeti huwekwa kando, na yaliyosalia hugawiwa wakaguzi. Kila mkaguzi hutoa alama kwa mafungu: tuseme 50 kwa matokeo ya shahada ya kwanza, 30 kwa andiko la utafiti, na 20 kwa barua za wadhamini. Alama hujumlishwa, majina hupangwa toka juu hadi chini, kisha mstari hupigwa pale fedha zinapokwisha. Utaratibu huu una sura ya sayansi kwa kuwa una tarakimu. Hata hivyo, tarakimu hizo zastahili kuulizwa zilikotoka, kama tuulizavyo tarakimu za maabara.

Tuanze na mafungu yenyewe. Kamati hutangaza kwamba matokeo ya mitihani yana uzito wa nusu, na barua za wadhamini sehemu moja tu ya tano. Sasa na tuchukue waombaji waliofika hatua ya mwisho, ambao wastani wao wote ni kati ya 4.0 na 4.3 katika kipimo cha 5. Ukiugeuza wastani huo kuwa alama kati ya 50, utapata 40 hadi 43. Tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni alama 3 basi. Barua za wadhamini, kwa upande wake, zaweza kupewa alama tangu 6 hadi 19, yaani tofauti ya alama 13. Fungu lililosemwa kuwa dogo ndilo linaloamua nani aende na nani abaki, kwa nguvu ipitayo mara nne ya lile lililosemwa kuwa kubwa. Sababu ni kwamba uzito wa kweli wa fungu hutokana na mtawanyiko wa alama zake, wala si na tarakimu iliyoandikwa juu ya fomu. Hili si jambo la siri. Mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza hulijua. Ajabu ni kwamba maprofesa wa takwimu wameketi katika kamati hizo nasi, na hawakulisema. Mimi pia sikulisema.

Nakumbuka jalada la binti mmoja aliyetoka chuo kichanga. Andiko lake juu ya wadudu wa ghalani lilikuwa bora kuliko yote niliyosoma mwaka ule. Mkuu wa idara yake, ambaye yumkini alikuwa na vipindi vingi vya kufundisha na hana karani, alimwandikia barua ya mistari minne: anamfahamu, ni mwenye bidii, anafaa. Alipewa alama 7 kati ya 20. Wenzake waliotoka vyuo vikongwe walikuja na barua za kurasa mbili zilizojaa sifa, nao wakapata 16 na 17. Binti yule aliukosa mstari kwa alama 2. Tulichokipima pale kilikuwa kalamu ya mwalimu wake.

Kasoro ya pili ni wakaguzi wenyewe. Maombi 60 yakigawiwa vikundi viwili, kimoja kikali chenye wastani wa alama 58, na kingine kipole chenye wastani wa 71, mwombaji aliyepata 66 mikononi mwa wakali atakuwa amewapita wenzake wa kawaida kwa alama 8. Aliyepata 70 kwa wapole yuko chini ya wastani wa kundi lake, lakini katika orodha ya mwisho ndiye atakayekuwa mbele. Dawa yake ni rahisi: toa wastani wa kundi katika kila alama, kisha gawanya kwa kipimo cha mtawanyiko wa kundi hilo. Dawa hii hufaa tu iwapo maombi yamegawiwa kwa bahati nasibu; yakigawiwa kwa vitivo, kundi lenye waombaji bora kweli litaonewa.

Juu ya madaraja ya nchi mbalimbali nitasema kwa ufupi. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania daraja la kwanza huanzia wastani wa 4.4 kati ya 5. Nchini Kenya huanzia asilimia 70. Karani akigeuza 4.4 kuwa asilimia 88, Mkenya mwenye daraja lile lile atakuwa amepoteza alama 9 kati ya 50 kabla jalada lake halijafunguliwa.

Isidhaniwe kwamba kasoro hizi ni za nchi maskini. Mwaka 1995 Baraza la Utafiti wa Tiba la Sweden lilipokea maombi 114 ya ufadhili kwa wenye uzamivu, 62 ya wanawake na 52 ya wanaume. Nafasi 20 zilitolewa: wanaume 16, wanawake 4. Watafiti wawili, Christine Wennerås na Agnes Wold, waliomba kuziona alama wakakataliwa, na ilibidi mahakama iamue kwamba ni hati za umma. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997, yalionyesha kwamba mwanamke alihitaji machapisho yenye thamani ya mara 2.5 ya yale ya mwanamume ili apewe alama sawa za ujuzi. Aidha, aliyefahamiana kikazi na mjumbe wa kamati alipendelewa. Uchunguzi mwingine wa 2008, uliotumia maombi ya 2004, ulikuta kwamba hasara ya wanawake imetoweka, lakini faida ya kufahamiana ingalipo.

Rai yangu ni kwamba kila mwombaji apelekewe alama zake kwa kila fungu, pamoja na wastani na mtawanyiko wa kundi lake. Na pale waombaji wanapokaribiana kiasi kwamba hakuna mkaguzi awezaye kuapa nani bora, ipigwe kura ya bahati, kama ufanyavyo Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Uswisi tangu 2021. Wenzangu huicheka kura hiyo kana kwamba ni mchezo wa kamari. Lakini alama 2 zilizomwacha binti yule nazo zilikuwa bahati, ila tuliziita uamuzi.

Wengine husema kufichua alama kutaleta rufani nyingi. Yumkini, kwa mwaka wa kwanza au wa pili. Alama zenyewe zimo majaladani tayari, zimeandikwa na kutiwa saini. Kinachotakiwa ni karani wa kuzinakili na bahasha.