MIZANI MBILI KWA GARI MOJA

Enyi ndugu wanachama wa Ukerewe, Ukara na visiwa vyote vya jirani!

Mtu anunuaye gari kwa fedha yake huuliza mambo matatu kabla ya kuuliza rangi: ushuru wake kiasi gani, mafuta yake kiasi gani, na vipuri vyake vyapatikana wapi. Hukuta ushuru wa forodha asilimia 25. Hukuta ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa iliyozidi hapo. Juu ya hayo huja VAT, asilimia 18. Mfanyabiashara wa Mwanza akiisha kupiga hesabu hiyo, huchagua gari dogo na kumshukuru Mungu.

Basi kwa nini kila penye mkutano wa wakubwa pamejipanga mashangingi? Je, wao hawajui hesabu?

Wanaijua sana. Lakini hesabu hiyo haiwahusu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilisema kuwa mfanyakazi aliyepewa gari na mwajiri wake amepata faida, na faida hiyo itozwe kodi. Gari lisilotimiza miaka 5, la cc 1,000 au chini yake, likahesabiwa faida ya shilingi 250,000 kwa mwaka. Lililozidi cc 3,000 likahesabiwa shilingi 1,500,000. Hekima ilikuwamo: apandaye kikubwa na alipie kikubwa.

Lakini sheria hiyo hiyo ikaacha mlango wa nyuma wazi. Ilisema faida hiyo isihesabiwe iwapo mwajiri hadai kupunguziwa kodi kwa gharama za gari hilo. Tuulizane, ndugu: mwajiri gani hana haja ya kupunguziwa kodi? Ni yule asiyelipa kodi ya mapato, naye ni Serikali! Karani wa kampuni akakatwa kwa gari dogo la kazi, ilhali mkubwa wa Serikali akastarehe ndani ya cc 4,500 bila ya kukatwa hata senti.

Chuoni tulifundishwa kuwa mizani ni amana, na kwamba mwenye vipimo viwili, kimoja cha kununulia na kimoja cha kuuzia, hana salama mbele ya Mola wake. Nasi twauliza: mizani hii ni ya namna gani?

Fauka ya hayo, likaja jambo la mwaka 2017. Ada ya leseni ya magari ya kila mwaka, iliyokuwa ikipanda kwa ukubwa wa injini, ilifutwa. Badala yake ukaongezwa ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Tazameni ujanja wake! Mvuvi ambaye hajapata kumiliki hata gurudumu moja akaanza kulipia ada ya magari kwa mashine ya mtumbwi wake, na bibi kizee kwa kibatari chake.

Atasema msemaji wao: gari lenye kiu nalo hulipa kwa kila lita. Naam, hulipa, lakini kwa mfuko wa nani? Toka Mwanza hadi Dodoma ni takriban kilomita 700. Gari liendalo kilomita 14 kwa lita hunywa lita 50. Liendalo kilomita 7 hunywa lita 100. Kwenda na kurudi, tofauti ni lita 100, na abiria ni yule yule, na mkutano ni ule ule. Mlipaji ni mimi na wewe.

Hatusemi daktari apande baiskeli, wala bwana shamba avuke matope kwa gari la harusi. Penye njia mbaya na papelekwe gari la nguvu. Twasema shangingi la kuegeshwa kivulini, juu ya lami, si chombo cha kazi. Ni kiti cha enzi chenye magurudumu.

Na kila senti linayokunywa hukosekana mahali pengine. Sisi wa visiwani twapajua mahali hapo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi, na roho 228 zikapotea. Hatudai kuwa shangingi ndilo lililokipindua. Twadai kuwa nchi inayowanunulia wakubwa nafasi ya bure haina udhuru wa kuwabana raia katika kivuko kimoja.

Mwalimu Nyerere, ambaye kivuko hicho kilichukua jina lake, alitembea kwa miguu toka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967 kuliunga mkono Azimio la Arusha. Wamelichukua jina, miguu wameiacha.

Kwa hivyo twataka mambo matatu. Kwanza, mkubwa wa Serikali ahesabiwe faida ya gari kama karani wa kampuni. Pili, daftari la safari na mafuta la kila gari la Halmashauri lisomwe hadharani mbele ya madiwani kila robo mwaka. Tatu, na hili ni letu wenyewe: mwanachama yeyote tutakayempa kura asipande gari ambalo asingeweza kulichagua kwa fedha yake. Tukishinda kisha tukaketi katika viti vile vile, tutakuwa tumebadili abiria tu.

Wabillahi tawfiq.