Wakili wa Gettysburg na kesi aliyoishinda

Mwaka 1821, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mwanamke mtumwa aitwaye Charity Butler alidai uhuru wake na wa wanawe wawili mbele ya mahakama kuu ya jimbo. Sheria ilisema mtumwa aliyeletwa jimboni na kukaa miezi 6 amekuwa huru. Charity alikuwa akivushwa mara kwa mara kutoka Maryland, jimbo la jirani, na siku zake zikijumlishwa zilipita kiasi hicho. Wakili wa upande wa pili akashikilia kwamba siku hazijumlishwi, sharti miezi iwe mfululizo. Majaji wakamkubalia. Mama na wanawe wakarudi utumwani.

Wakili huyo, Thaddeus Stevens wa mji mdogo wa Gettysburg, hakuwa hata na miaka 30. Nalo linaloniuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alilelewa na mama peke yake. Alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja umepinda. Baba, fundi viatu, aliwatoroka. Mama yake, Sarah, alijifunga kibwebwe akalea wana wanne, na huyu mlemavu, asiyefaa kwa jembe, akamsomesha hadi chuo.

Moyo wa mtu hausomeki, lakini matendo huonekana. Baada ya miaka kupita, wakili yule yule alikuwa akiwatetea watumwa waliotoroka bila kuwatoza ada.

Mwaka 1833 aliingia Bunge la jimbo, akarudishwa tena na tena. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria ya skuli za bure kwa watoto wote, zigharimiwe kwa kodi. Watu wakanung'unika: kwa nini nilipie mtoto wa jirani? Hata wapiga kura wake wengi waliipinga. Kufikia Aprili 1835 Baraza la Seneti lilikuwa limekwisha kupiga kura ya kuifuta, na Baraza la Wawakilishi lilielekea huko huko. Stevens akasimama. Alisema kwamba tunalipa kodi ya jela bila kinyongo ilhali sisi si wahalifu, basi vipi tuone uzito kulipia elimu inayomzuia mtoto asifike huko? Wabunge wakageuka, sheria ikabaki. Mimi mwenyewe nimeketi katika mikutano ya wazazi nikasikia manung'uniko yale yale, na sikumbuki aliyejibu vizuri hivyo.

Hukumu ya Charity haikufutwa kwa hotuba hii, wala kwa nyingine. Lakini mwaka 1838, katiba mpya ya jimbo ilipowanyima weusi kura, Stevens, aliyekuwa miongoni mwa wajumbe walioiandaa, alikataa kuitia sahihi. Baadaye akaenda Bunge la Marekani, na akawa mstari wa mbele kupigania marekebisho ya katiba yaliyokomesha utumwa mwaka 1865.

Alifariki mwaka 1868. Alikataa kuzikwa katika makaburi yaliyobagua watu kwa rangi, akachagua mahali padogo palipopokea wote. Mama yake alikwisha kumtangulia, baada ya kununuliwa na mwanawe shamba na ng'ombe wa maziwa. Katika wosia aliacha fedha za kulitunza kaburi la mama huyo, na kila majira ya kuchipua yapandwe mawaridi katika pembe zake nne.