MAANGAMIZI: FILAMU ISIYOSTAHILI KUSAHAULIWA

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Yasikitisha kuona kuwa katika mambo ya filamu tumezoea kumtunza mcheza kwa wenzake, na wa kwetu tukampa kisogo.

Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika si mgeni katika sinema za dunia. Mwaka 1939 Wamarekani walitoa filamu juu ya Stanley na Livingstone, waliokutana Ujiji mwaka 1871. Mwaka 1951 ikafuata The African Queen, iliyotokana na riwaya iliyochochewa na habari za manowari ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba yetu. Katika filamu zote mbili Mwafrika amewekwa pembeni, kama mti wa porini.

Ndipo tunapoikumbuka Maangamizi, iliyoongozwa na Ndugu Martin Mhando wa Tanzania pamoja na Ron Mulvihill wa Marekani. Mwaka 2001 ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Haikuteuliwa, nasi tukanyamaza. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya nchi yetu kupeleka nyingine, Vuta N'Kuvute ya Ndugu Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar.

Hadithi yenyewe ni nzito. Daktari Mmarekani mweusi, Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko anamkuta Samehe, mwanamke aliyefungwa kinywa na machungu ya utotoni. Kati yao anatokea Maangamizi, bibi wa kale, ambaye anawarudisha wote wawili kwa wahenga wao. Samehe amechezwa na Amandina Lihamba, msomi na msanii tunayemheshimu.

Wapo watakaosema filamu hii yaenda polepole, na kwamba ukimya wake wachosha. Sisi hatukubali. Ukimya wa Samehe ndio hadithi yenyewe. Anayetaka kuuruka ni sawa na daktari anayemtibu mgonjwa bila kumsikiliza.

Watu wa Ujiji na ndugu zetu wa Unguja wanayo sababu ya kuielewa kuliko wengine. Njia ya misafara ilianzia hapa ziwani hadi Bagamoyo, na wengi waliopelekwa Unguja waliuzwa katika soko lililofungwa mwaka 1873. Ni kweli kwamba wengi wa mababu wa Wamarekani weusi walitokea magharibi ya Afrika. Lakini jeraha ni lile lile, na mkataa kwao ni mtumwa.

Kwa hiyo twaziomba Wizara zinazohusika na utamaduni, Bara na Visiwani, zihakikishe kuwa nakala nzuri ya filamu hii inahifadhiwa nchini. TBC na ZBC ziionyeshe, na sehemu za Kiingereza ziwekewe maandishi ya Kiswahili. Maofisa utamaduni waipeleke shuleni na vijijini, kama magari ya sinema yalivyofanya zamani.

Filamu huhukumiwa na walioitazama. Wananchi wapewe kwanza nafasi ya kuitazama hii, ndipo waseme kama ilistahili kusahauliwa.